Nani Aliyelichezesha Kanisa la Kusini?

Simulizi inayokubalika ni fupi, na karibu kila niliyemuuliza aliianza mahali palepale. Muziki wa injili wa kucheza, wanasema, ulifika Tunduru kutoka Dar es Salaam. Ulikuja kwa kanda, ukaja kwa CD, sasa unakuja kwa flashi na simu. Wanaoutengeneza ni maprodyuza wa mjini, na wanaoupiga ni MaDJ vijana, wale wanaounganisha pambio na sebene kwenye kompyuta mpakato na kuwainua watu vitini kwenye mikesha, harusi na mikutano ya uwanjani. Kabla yao, kwa mujibu wa simulizi hii, Mkristo wa kusini aliimba amesimama wima, mikono imetulia, kitabu cha nyimbo mbele yake. Siiamini. Imenyooka mno kwa nchi iliyopitia Maji Maji, vita viwili vya dunia na misheni za madhehebu mbalimbali, na ambayo haikuacha kupiga ngoma hata msimu mmoja. Kama si vijana wa studio, ni nani basi aliyetengeneza kwanza muziki ili Mkristo acheze?

Tunduru niliichagua makusudi. Ni wilaya ya mashariki kabisa mwa Mkoa wa Ruvuma. Kusini yake ni mto, na ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Wenyeji wengi ni Wayao, na wengi wao ni Waislamu. Ukienda magharibi, kupitia Namtumbo, unafika Songea na kisha Peramiho, kituo kikuu cha Wabenediktini Wakatoliki. Ukienda mashariki unafika Masasi, ngome ya zamani ya Waanglikana. Misheni hizo mbili ziliitazama ngoma kwa macho tofauti kabisa, na Tunduru iko katikati yao. Mwaka 1986 Kanisa Katoliki liliunda jimbo lenye majina yote mawili, Tunduru-Masasi. Kama simulizi ya Dar es Salaam ina ufa, utaonekana hapa. Lakini unamtafutaje mtu ambaye kazi yake, enzi zake, haikuwa na jina?

Nilianza kwa kujiuliza DJ wa injili anafanya nini hasa. Anachagua wimbo. Anapanga mdundo. Anajua dakika ya kupandisha na dakika ya kushusha. Zaidi ya yote, anajua wazee wa kanisa watavumilia hadi wapi. Kwingineko kazi hiyo ina wenyewe wanaojulikana. Uingereza, Andy Hunter alitoa albamu ya muziki wa dansi wa Kikristo, Exodus, mwaka 2002. Nairobi, katikati ya miaka ya 2000, wimbo wa Esther Wahome, Kuna Dawa, ulitoka kanisani ukaingia hadi kwenye kumbi za starehe, na televisheni ikawa na kipindi kama Crossover 101 ambamo DJ wa injili alikuwa mtu wa kutazamwa. Kwetu, Rose Muhando aliitikisa nchi kwa Mteule Uwe Macho mwaka 2004. Waimbaji tunawajua. Kwenye bongo fleva hata waliokaa nyuma ya mitambo tunawajua. P-Funk na Master Jay ni majina ya nyumbani. Wenzao wa kwaya wako wapi?

Nikaenda kwenye kanda. Tunduru mjini nilioneshwa katoni ya kanda za kaseti ambazo mwanakwaya mstaafu hajazitupa, ingawa redio ya kuzichezea imekufa siku nyingi. Nilizitoa mojamoja. Majalada yamefifia rangi, ila yanasomeka. Kwaya imepangwa safu tatu mbele ya kanisa, sare ya kitenge kimoja, akina mama wamechuchumaa mbele, mpiga kinanda amesimama pembeni na kinanda chake juu ya meza ndogo. Chini ya picha kuna jina la kwaya, jina la parokia au usharika, sanduku la posta, orodha ya nyimbo upande A na upande B. Aliyerekodi hatajwi. Aliyepanga magitaa hatajwi. Njia ikafungwa hapo, isipokuwa kwa jambo moja: kwenye majalada kadhaa, pembeni kabisa, kuna jina la mwalimu. Je, mwalimu wa kwaya ndiye niliyekuwa namtafuta?

Fikiria kazi yake. Mwalimu wa kwaya ndiye anayetunga, au anayechukua wimbo wa wengine na kuupasua upya katika sauti nne. Anaufundisha kwa noti za do-re-mi alizoziandika kwa bolpeni kwenye daftari la shule. Ndiye anayeamua ngoma iingie ubeti wa pili au wa kwanza, kayamba zianze lini, stepu iende kushoto au kulia. Kinanda cha umeme kilipofika, yeye ndiye aliyebonyeza kitufe cha mdundo na kusema huu, si ule. Mwalimu mmoja mzee aliniambia kwamba kwake stepu ilitangulia, maneno yakafuata. Asipoona mguu unakwenda wapi, wimbo hauanzi. Huyo ni prodyuza kwa kila kipimo ninachokijua. Lakini kumbukumbu ya mzee, hata aliye makini, hupenda kumpa mwenyewe mwanzo wa mambo. Kumbukumbu zilizoandikwa zinasemaje?

Za magharibi zinaanza na moto. Wabenediktini walifungua Peramiho mwaka 1898. Mwaka 1905 Maji Maji ikawaka, Agosti ya mwaka huo askofu wao Cassian Spiss akauawa pamoja na wenzake njiani karibu na Liwale, na Peramiho yenyewe ikachomwa. Ilijengwa upya, na mwaka 1931 ikawa abasia. Kati ya matukio hayo kuna karatasi moja ambayo haikuandikwa Afrika wala kwa ajili ya Afrika, na bado iliipata ngoma ya Mngoni moja kwa moja. Ni waraka wa Papa Pius X juu ya muziki mtakatifu, wa tarehe 22 Novemba 1903. Unakataza piano kanisani, na pamoja nayo vyombo vya kelele. Ngoma imetajwa kwa jina. Aliyeandika alikuwa akizifikiria opera na bendi za Italia. Padri aliyeusoma Ungoni, jioni ngoma ya lizombe ikisikika kijijini, alielewa nini?

Hapa ndipo simulizi ya pili inapochomoza, ile inayosema wamisionari waliiua ngoma. Nimeisikia kwa wasomi na kwa wasiosoma. Ina ukweli ndani yake: upande wa Wabenediktini msimamo juu ya unyago na ngoma zake ulikuwa mkali, na Mkristo aliyeshiriki aliwekwa kando na sakramenti. Lakini agizo linalorudiwa lina habari mbili ndani yake. Ya kwanza ni kwamba mkubwa amekataza. Ya pili ni kwamba watu wanaendelea, la sivyo asingelazimika kukataza tena. Waliobatizwa walikwenda ngomani, wakaadhibiwa, wakarudi kundini, wakaenda tena. Wanawake waliwafunda binti zao kama walivyofundwa. Ngoma haikufa. Ilitengwa na altare, basi. Iliendelea kuishi mita mia kutoka kengele ya kanisa, ikiwa na watu walewale. Je, hakuna aliyejaribu kuzipunguza hizo mita mia?

Alikuwapo, upande wa mashariki. Waanglikana wa misheni ya UMCA walifika Masasi mwaka 1876, Edward Steere akiongoza kundi la watu waliokombolewa utumwani. Mwaka 1882 Wangoni waliivamia misheni hiyo, nao wakaanza tena. Mwaka 1926 Masasi ikawa dayosisi, na askofu wake wa kwanza, Vincent Lucas, akakaa hadi 1944. Jina lake linatajwa katika vitabu vya historia ya kanisa kwa jambo moja: jando la Kikristo. Badala ya kuwazuia vijana Wakristo wasiende jandoni, kanisa likajenga jando lake. Msalaba ukawa kambini. Padri akawapo. Mafundisho ya ukubwa yakabaki, nyimbo zilizoonekana za matusi zikaondolewa, nyingine zikaingizwa. Na vijana walipotoka, walitoka kwa shangwe na ngoma kama baba zao walivyotoka. Vitabu vinamsifu askofu kwa ujasiri huo. Lakini askofu kutoka Uingereza alijuaje wimbo upi ukiondolewa jando litaanguka, na upi ukiondolewa hakuna atakayeukumbuka?

Hakujua. Siandiki hivyo kumpunguzia heshima. Ndivyo mambo yenyewe yanavyodai. Mwanahistoria Terence Ranger, aliyefundisha Dar es Salaam miaka ya 1960, aliuchunguza mkasa wa Masasi katika makala iliyotoka 1972, na akatuelekeza kwa mapadri na walimu Waafrika wa dayosisi hiyo, akina Kolumba Msigala, ambao walikuwa wametoka katika majando hayohayo au walikuwa ndugu wa waliotoka. Hao ndio waliokaa na mangariba na wazee. Hao ndio waliopima mdundo na neno. Askofu aliandika insha na Ulaya ikazisoma. Wao waliandika kidogo, na waliyoandika hayakusambaa. Upande wa wasichana, ambako wenye kauli walikuwa akina mama, mpango haukushika vizuri kama upande wa wavulana. Hilo nalo linasema kitu. Aliyepanga upya nyimbo za jando la Masasi, mmojammoja, alikuwa nani?

Nikadhani Myao msomi angeweza kunijibu. Yuko mmoja, na ni mkubwa: Yohana Abdallah, padri wa Kianglikana aliyefanya kazi Unangu, ng'ambo ya Ruvuma. Kitabu chake, Chiikala cha Wayao, kilichapishwa mwaka 1919, na ni miongoni mwa historia za mwanzo kabisa kuandikwa na Mwafrika wa upande huu kuhusu watu wake, kwa lugha yao. Nilikifungua kwa matumaini. Kinaeleza asili ya Wayao, safari za biashara hadi pwani, vita, masultani kina Mataka. Ni hazina. Kwa swali langu, ni ukuta. Abdallah alikuwa akiwajengea watu wake hadhi mbele ya dunia iliyowadharau, na kwa kazi hiyo sultani na msafara vilikuwa na uzito kuliko mpiga ngoma. Simlaumu. Basi ikiwa padri hakumwandika mpiga ngoma, askari je?

Ndiyo, askari alimwandika, ama tuseme askari alikuwa mpiga ngoma mwenyewe. Ranger huyohuyo alichapisha mwaka 1975 kitabu kizima juu ya beni, ngoma iliyozaliwa pwani ya Kenya miaka ya 1890 ikasambaa na Vita vya Kwanza vya Dunia hadi ndani ya bara. Beni ilikuwa na makundi yake, Marini na Arinoti, na majenerali na wafalme wake, na sare, gwaride na matarumbeta, na pale ambapo tarumbeta lilikosekana, watu walilitengeneza kwa mkono. Na miongoni mwa vyanzo vyake Ranger anazitaja bendi za tarumbeta za misheni za pwani, ambamo vijana waliokombolewa utumwani walifundishwa kupuliza. Nilisoma sehemu hiyo nikarudia. Misheni ilifundisha tarumbeta. Tarumbeta likatoka nje ya uzio likawa ngoma. Ngoma ikarudi mlangoni pa misheni, na misheni nyingi hazikumtambua mtoto wao. Je, kijana aliyejifunza kupuliza mbele ya padri na kuchezesha kijiji jioni si ndiye wa kwanza katika orodha yangu?

Kwa Ruvuma, mtoto wa familia hiyo anaitwa mganda. Uone ukichezwa upande wa Ziwa Nyasa, kuanzia Mbamba Bay, ambako misheni za Waanglikana na za Wakatoliki zote zilifika. Wanaume wamejipanga mistari, mavazi nadhifu, hatua zinakwenda kwa pamoja kama gwaride, goti linapanda, mwili unanyenyekea kidogo, unainuka. Wanapuliza vibuyu vilivyozibwa kwa utando wa buibui, na sauti inayotoka ni ya tarumbeta linalokwaruza. Ngoma kubwa inashika mapigo. Akina mama wana yao, kioda. Ukiwatazama wachezaji wa mganda kisha ukaenda kutazama kwaya ya parokia ikiingia kwa maandamano siku ya sikukuu, utaona mstari uleule, goti lilelile, kunyenyekea kulekule. Watu wa kwaya walikataa nilipowaambia. Walisema stepu ni yao. Huenda ni kweli. Mwili wa mtu huweza kukumbuka kitu ambacho mwenyewe hajui kwamba amefundishwa?

Kuna pingamizi nililolisikia Tunduru yenyewe, na lina haki ya kujibiwa. Mji huu ni wa Waislamu wengi, niliambiwa. Historia ya muziki wa Kikristo utaipata wapi? Lakini jirani Mwislamu ndiye aliyenisaidia kuliona swali lilivyo. Katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20 tariqa ya Qadiriyya ilienea kusini mwa Tanganyika, na pamoja nayo zikri: pumzi, sauti, mwili unaoyumba kwa mapigo. Felicitas Becker, katika kitabu chake cha 2008, ameeleza jinsi watu wa mikoa hii walivyoingia Uislamu kijiji kwa kijiji, na ngoma na madrasa zikijadiliana njiani. Kwa Wayao wa Malawi ubishi ulikuwa mkali kiasi cha kugawa misikiti: wapo waliotaka zikri na bendera, wapo waliotaka kimya. Msikitini na kanisani, katika miongo ileile, watu wa ukoo mmoja walikuwa wakibishania mwili katika ibada. Upande wa kanisa, nani alilichukua suala hilo hadi kwenye sheria yenyewe?

Jibu lilinirudisha Songea. Padri Stephen Mbunga, mwana wa nchi hiyo, alifanya mambo mawili ambayo sijui kwa nini watoto wa shule za Ruvuma hawafundishwi. La kwanza, mwishoni mwa miaka ya 1950 alitunga Misa Baba Yetu, kwa muziki wa Kiafrika. La pili, mwaka 1963 alichapisha Uswisi kitabu cha Kiingereza juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu, Church Law and Bantu Music. Tazama ujasiri wa mada hiyo. Hakuomba ngoma ionewe huruma. Alizichukua nyaraka za Roma zenyewe, akaziweka mezani mbele ya muziki wa watu wake, akauliza kwa lugha ya mwanasheria kipi kinakatazwa na kipi hakikatazwi. Waraka wa Pius XII wa Desemba 1955 ulikuwa umekwisha kuonesha heshima kwa nyimbo za nchi za misheni. Je, Mbunga aliwahi mlango uliokuwa ukifunguka, au alikuwa miongoni mwa walioufungua?

Tarehe zinakaribia kunipa jibu, kisha zinaninyima. Tarehe 4 Desemba 1963, mwaka uleule wa kitabu chake, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati juu ya liturujia. Kifungu cha 119 kinasema watu wa nchi za misheni wana muziki wao, nao upewe heshima na nafasi yake katika ibada. Siwezi kudai kwamba kitabu cha padri mmoja wa Songea kiliifikia kalamu iliyoandika kifungu hicho. Kudai hivyo kungependeza, na ndiyo maana ninajizuia. Ninachoweza kusema ni kwamba hakuwa peke yake. Kongo, mwaka 1958, Guido Haazen na kwaya ya vijana wa Kamina walirekodi Missa Luba. Uganda, Joseph Kyagambiddwa alitunga oratorio ya Mashahidi wa Uganda, ikaimbwa Roma mwaka 1964 walipotangazwa watakatifu. Miaka 61 baada ya waraka wa 1903, ngoma ilikuwa Roma. Lakini kuruhusiwa kupiga ni jambo moja. Nani aliruhusu mguu uondoke chini?

Kwa mguu, karatasi ilichelewa sana. Kibali cha Roma kinachotamka wazi kucheza ndani ya Misa ninachokijua kwa upande wetu wa Afrika ni cha majimbo ya Zaire, mwaka 1988. Watu hawakukisubiri. Baada ya machafuko ya Burundi ya 1972 wakimbizi waliwekwa Ulyankulu, Tabora, na kwaya zilizochipuka huko, Barabara ya 13 ikiwa maarufu kuliko zote, zilileta magitaa na uchezaji uliosikika nchi nzima kupitia redio na kanda. Hii ndiyo simulizi ya tatu: kwamba kucheza kulitoka magharibi, Burundi na Kongo. Gitaa, nakubali. Hakuna anayesikia sebene katika kwaya za miaka ya 1990 akashindwa kujua lilikotoka. Lakini watoto wa Utoto Mtakatifu wanaotangulia maandamano ya matoleo, mikono ikipepea, kiuno kikishuka na kupanda taratibu, wanacheza hatua ambazo bibi zao wanazijua. Gitaa likiondolewa, hatua inabaki ya nani?

Mwaka 1996 Radio Maria Tanzania ilianza kurusha matangazo, na ilianzia Songea. Baadaye makao yalihamia Dar es Salaam. Jambo hili linaivuruga simulizi ya kwanza kabisa, maana hapa mambo yalikwenda kinyume: kutoka Ruvuma kwenda mjini. Redio ya dini inahitaji nyimbo asubuhi, mchana na usiku, na mtu wa kuzipanga. Anayekaa mbele ya mitambo akaamua kwamba baada ya rozari uje wimbo wa shangwe wala si wa majonzi, huyo anafanya kazi ya DJ, hata kama kanisani anaitwa mtangazaji. Tunduru ya miaka hiyohiyo ilikuwa imefurika wageni. Vito vilikuwa vimegunduliwa, Muhuwesi na kwingineko, na wachimbaji na wanunuzi walikuja kutoka kila pembe, na jenereta zao, na redio zao za kaseti. Biashara ya kanda ilinoga. Je, kwaya za Tunduru zilipata pesa ya kurekodi kutokana na vito?

Niliuliza, na majibu yalipingana. Wapo waliosema sadaka zilikuwa nono na kwaya ikasafiri kwenda studio. Wapo waliosema pesa za vito hazikuwahi kugusa kapu la kanisa, ziliishia kwenye baa. Daftari la mhazina wa kwaya lingemaliza ubishi. Nililooneshwa lilikuwa limeliwa na mchwa kuanzia katikati, na kurasa zilizosalia ni za michango ya sare na nauli ya mpiga kinanda. Nauli. Iliandikwa mara nyingi, kwa mwandiko ule ule wa kubonyea. Kwaya iliyomlipia mpiga kinanda nauli ilikuwa ikimtoa mbali, na mtu anayetoka mbali kwa kazi, akalipwa, akarudi, akaitwa tena, huyo ana kazi, tena ya kulipwa. Alitokea Songea au Masasi?

Ukurasa haukusema. Lakini nauli hiyo imebadilisha namna ninavyouona mkoa mzima. Nilikuwa nikimtafuta mtu mmoja wa kwanza, na njia zote zikawa zinaishia kwenye ukuta. Tangu hapo nimekuwa nikiwatafuta watu wa katikati, wale waliotembea kati ya misheni na uwanja, kati ya parokia na parokia: kijana wa tarumbeta, mwalimu wa Masasi aliyebadilisha wimbo wa jando, padri mwanasheria, mpanga nyimbo wa redio, mpiga kinanda wa nauli. Kila mmoja alifanya kile ambacho DJ wa leo anafanya. Kila mmoja alijua hadi wapi wazee watavumilia, na alisogea hatua moja mbele ya hapo. Dar es Salaam haikuanzisha ufundi huo. Iliupa mashine na tangazo. Na kijana wa Tunduru anayeutumia leo, anajua ameupokea kwa nani?

Nilimkuta mmoja kazini. Studio ni chumba cha nyumba ya kupanga; kuta zimegandishwa trei za mayai ili sauti isirudi, mlangoni pana blanketi, na maikrofoni imevishwa soksi ya mwanamke iliyotandwa kwenye waya wa duara. Jumamosi hupiga muziki kwenye harusi, siku za wiki hutengeneza. Siku hiyo alikuwa na wimbo wa kwaya, na mwalimu wa kwaya, mzee, ameketi kwenye stuli ya plastiki. Kijana alikuwa ameweka mdundo wa kasi, karibu na singeli. Mzee alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema ni haraka mno, akina mama hawatapata nafasi ya kushusha mguu. Akapiga gotini kwake kwa kiganja: zito, jepesi, jepesi, nafasi, zito. Kijana akajaribu kuliandika pigo hilo kwenye kompyuta, likakataa kukaa kwenye mistari ya programu. Mwishowe akasogeza maikrofoni hadi gotini kwa mzee, akalirekodi goti lenyewe. Lile pigo mzee alilitoa wapi?

Kwa mjomba wake, alinijibu, mpiga ngoma wa mganda huko Mbamba Bay, aliyebatizwa akiwa mtu mzima. Siwezi kulithibitisha, hakuna cheti mkononi mwangu, na nimeshasema nionavyo kumbukumbu za wazee. Lakini nilimuuliza lile lililonileta. Alipobatizwa aliacha kupiga? Mzee alitikisa kichwa. Hakuacha, alisema, ila Jumapili alikuwa akipigia upande wa pili wa kilima, ibada ikishakwisha, na mwalimu wa katekisimu alikuwa akimfuata huko. Kumkamata, au kucheza?